Msinitundike Ukutani

Sada, iweke hiyo simu kifudifudi juu ya meza, na wewe Mrunal ilaze ya kwako juu ya ya mumeo, zikizaa ya tatu shauri yenu, lakini mpaka nimalize kusema asishike mtu kitu mkononi. Vaiju mwanangu, nisogezee mto. Si huo, ule mgumu. Haya, kaeni mahali nitakapowaona wote watatu bila kugeuza shingo, maana shingo yenyewe imeshaaga. Daktari kasema wiki mbili. Alisema hivyohivyo kabla ya sikukuu ya Ganpati, nami nikala vitumbua vya nazi kumi na kimoja mbele ya macho yake ili ajue anacheza na nani. Safari hii namwamini kidogo, kwa sababu jana nimeuona uso wangu wa kufia.

Nasema nimeuona. Mrunal, mkwe wangu, inua kichwa, wewe huna kosa, uliniletea kwa mapenzi, ukakaa hapa kitandani ukasema, "Baba, tazama ulivyopendeza!" Nikavaa miwani. Nikaona mwanamume mweupe kama maziwa, koti la suti, nywele nyeusi, meno thelathini na mawili, mashavu kama ya mtoto aliyetoka kuogeshwa. Nikakuuliza, "Nani huyu, anagombea ubunge?" Ukacheka mpaka ukashika mbavu, kisha ukaniambia taratibu kwamba ni mimi. Sada ameitengeneza mapema, ili siku ile isije ikawakuta hamjajiandaa. Imebaki kuitia kwenye fremu na kuagiza shada la maua.

Basi sikieni, neno lenyewe nalisema kwanza, pumzi ikiwa bado yangu, sababu zitafuata: picha ile haitatundikwa. Haitatundikwa katika nyumba hii wala dukani, wala msiipeleke kwa shangazi yenu kule Karad. Kila nyumba ya Kolhapur ina wafu wake ukutani wamevishwa maua, na nusu ya wafu hao niliwapiga picha mimi, nawajua kwa masikio na kwa videvu. Mimi sitakaa kati yao nikiwa na uso wa mgombea. Ni uso gani basi utabaki baada yangu? Hilo ndilo lililonifanya niwaite mchana huu, na hamtoki humu kabla halijaamuliwa.

Mimi Rangrao Mohite niliacha shule darasa la tatu. Mwalimu alinifukuza kwa sababu nilimwambia uso wake una pande mbili zisizojuana, na kweli ulikuwa nazo. Miaka hamsini na minane nimepiga picha katika mji huu, na sitajishusha leo ili niwafurahishe. Hakuna aliyenifikia. Wenye vyeti vya chuo cha sanaa walikuwa wanakuja kusimama ng'ambo ya barabara, wanajifanya wananunua miwa, kumbe wanachungulia naweka wapi kiti cha mteja. Wangechungulia hata mwaka mzima. Siri haikuwa kwenye kiti. Mteja akiingia nilimpa chai kwanza, na wala si ukarimu, mnanijua. Nilitaka nione anavyoishika bilauri, anapuliza au anavumilia moto, anamtazama nani akidhani hatazamwi. Chai ikiisha nimeshajua kidevu kikae wapi. Ndipo naingiza kioo kimoja cha kunasia picha kwenye kamera, kimoja tu, nafungua, nahesabu, nafunga. Kimoja! Nikikosea, nimeharibu kioo na nimemharibia mtu siku yake, kwa hiyo sikukosea.

Wewe Sada unapiga mia nne kabla bibi harusi hajakalia sari yake vizuri, halafu unakwenda kwenye kompyuta kutafuta yupi kati ya hao mia nne ni yeye. Nilikuuliza siku moja, "Yule binti wa jana alikuwa na macho ya rangi gani?" Ukanijibu, "Subiri Baba, nifungue nione." Ulikaa naye siku nzima! Mwizi anayeiba mbuzi anajua rangi ya macho ya mbuzi.

Unacheka, Vaiju, lakini mwenzio ananuna. Mwache anune. Ana jibu lake, nalijua, tumelipigia kelele mara ngapi katika nyumba hii: "Baba, na penseli yako je? Wewe ndiye uliyeanza kudanganya, mimi nimerahisisha kazi tu." Ni kweli, na nitalijibu mbele ya ndugu yako, hata kama jibu lenyewe linanivua nguo.

Marehemu mama yenu Indumati aliletwa studio na mjomba wake kutoka Gadhinglaj, mimi nikiwa na miaka ishirini na minne na masharubu ambayo wanawake walivuka barabara kuyaona. Alikuwa ameposwa na karani wa kiwanda cha sukari kule Sangli, posa ya maneno tu, na wazee wa Sangli walitaka picha. Alikuwa na makovu ya ndui uso mzima. Mjomba akaninong'oneza, "Mpiga picha, msaidie huyu binti." Mimi nani nikatae sifa? Nikapiga, kisha nikakaa dirishani siku mbili, kioo cha negativu mbele yangu, kipande cha kioo cha kujitazamia kikirusha mwanga kutoka chini, penseli imechongwa mpaka ncha yake inachoma kama sindano, nikayajaza makovu yake moja baada ya jingine mpaka ngozi ikawa laini kama jibini. Yalikuwa arobaini na moja. Picha ikaenda Sangli, Sangli wakafurahi, wakaja kumwona. Akawatolea sahani za poha, ule mchele uliopondwa, kama desturi ilivyo, na mama wa bwana harusi akaweka sahani chini kabla hajafika nusu, akauliza, "Yule wa kwenye picha ni dada yake?" Wakaondoka. Viatu vilikuwa bado havijapoa mlangoni.

Kesho yake Indumati akaja studio peke yake, msichana wa siku zile, bila hata mtu wa kumsindikiza. Akaiweka picha mezani kwangu akasema, "Huyu uliyemchora muoe wewe. Mimi nirudishie wa kwangu." Nikamkalisha kwenye kiti, nikamgeuza apate mwanga wa dirisha ubavuni, ule mwanga mkali usiosamehe shimo hata moja, nikahesabu, nikafunga. Penseli sikuigusa. Nilipoitazama ile picha ikielea kwenye maji, nikaona kwamba namjua huyu mwanamke kuliko mtu yeyote duniani, kwa sababu hakuna kovu hata moja ambalo sikuwa nimekaa nalo. Mwezi uliofuata shangazi yangu akaenda Gadhinglaj kuposa. Na ile picha ya pili ikakaa kwenye dirisha la duka miaka hamsini, wateja wakiuliza, "Huyu nani?" mama yenu anajibu akiwa ndani, "Ni mimi, na bei ni ileile."

Kwa hiyo jibu langu ni hili, Sada. Nilidanganya, ndiyo. Lakini kila nilichokifuta nilikijua kwanza, nilikitazama kwa karibu mpaka jicho likatoa machozi, na uongo wangu ulinigharimu siku mbili, hivyo nilikuwa na siku mbili za kuona aibu. Mashine yako inafuta kabla haijaona. Haijui imefuta nini, na wewe uliyekaa mbele yake unakunywa soda hujui pia. Hapo ndipo sanaa ilipofia, si kwenye kioo wala kwenye filamu. Ukitaka piga kwa kijiko cha chai, mradi umemtazama mtu.

Nipe maji, Vaiju. Kidogo. Yatosha.

Mwaka jana, mara tu baada ya mvua, uliniita dukani, nikaja na mkongojo wangu, ukaniambia, "Baba, nina zawadi. Nimemsafisha Mama." Ukafunua kitambaa. Pale dirishani akakaa mwanamke laini kama jibini. Unajua ulikuwa umefanya nini? Ulikuwa umemrudisha yule wa Sangli. Yule niliyemchora mimi kwa ujinga wa masharubu, yule ambaye mama yako alikuja peke yake kumkataa, umemtoa kaburini umemkalisha mahali pake. Nikauliza karatasi ya zamani iko wapi. "Ilishaliwa na mchwa Baba, nimeitupa." Na kioo chenyewe? Ukajikuna shingo. Ulitaka nafasi ya kuweka mashine ya kuchapia, kwa hiyo vioo vyote vya ukuta wa nyuma, miaka arobaini ya nyuso za mji huu, ulimpa mnunuzi wa vyuma chakavu, ambaye anaviosha kwa maji ya moto na magadi anawauzia watengeneza fremu. Mama yako sasa ni kioo cha fremu ya mtu, Sada. Ameoshwa. Yuko nyumba fulani Kolhapur anamzibia mtu mwingine vumbi.

Nilinyamaza. Mkasema Baba amekuwa mpole. Sikuwa mpole, nilikuwa natafuta neno baya la kutosha na lugha yetu haina. Lakini kunyamaza kule ni kosa langu, kwa sababu ningekupiga na mkongojo siku ile, haya ya Hindurao yasingetokea.

Mrunal hakuwepo, acha nimsimulie. Hindurao Shelke alikuwa mpiga mieleka wa talimu ya hapa nyuma, chuo cha mieleka chenye uwanja wa udongo mwekundu, mtu aliyetwaa rungu la ushindi mara mbili. Mpiga mieleka wa kweli masikio yake yamevunjika. Miaka ya kusuguliwa kichwa kwenye udongo na kwenye mabega ya wenzake, sikio linavimba, linakauka, linakuwa kama andazi lililokanyagwa na ng'ombe. Kijana akianza kuvunjika sikio, mama yake analia na baba yake anagawa peremende mtaa mzima. Ndicho cheti chao. Sasa Hindurao akafa, na mkewe Housabai akaleta picha yake moja tu aliyokuwa nayo, imeganda kwenye kioo cha fremu kwa unyevu wa mvua. Huyu Sada akaibandua, ikachanika. Hakuogopa, alikuwa ameshainakili kwenye kompyuta. Akaipitisha kwenye mashine yake ya kupendezesha nyuso, kisha akaihifadhi juu ya ileile nakala. Siku ya kumi na tatu ya matanga, wapiga mieleka wote wazee wamekaa, bakuli za mchuzi mwekundu ziko tayari jikoni, shada limefumwa, kitambaa kikafunuliwa. Hindurao ana masikio kama petali za waridi.

Halafu mzee Patole, ambaye Hindurao alimwangusha mara tisa, akasimama akasema, "Haya ni masikio ya karani wa benki! Mtu huyu hajawahi kuniangusha mimi. Nani anasema nimeangushwa na huyu?" Wengine wakaanza kucheka, wengine kutukana. Housabai hakucheka. Alisogea karibu na picha akasema, "Miaka hamsini nimelala ubavuni mwa mwanamume, leo mnanipa bwana harusi nisiyemjua? Masikio ya mume wangu yako wapi?" Na mwanangu mimi, damu yangu, akamjibu mjane, "Mama, mashine ilidhani ni ugonjwa."

"Basi iambie mashine ije imlilie," akasema Housabai. Akaitoa ukutani kwa mikono yake.

Wakaja nayo hapa, hapa kwenye kitanda hiki, wanaume sita na mjane. Housabai akaniambia, "Ndugu Rangrao, wewe ulimpiga picha mwaka aliotwaa rungu. Kioo chake unacho. Tuchapie picha nyingine." Nikamtazama Sada, Sada akaitazama sakafu. Sikujua kama mtu anaweza kuaibika akiwa amelala chali. Nikamwambia, "Dada, sina." Mimi, mtu wa kioo kimoja, nikamwambia mwanamke sina uso wa mumewe. Tangu siku ile sijainuka, na msizisingizie figo.

Sasa mambo yangu. Duka ni lako, Sada. Sikunyang'anyi, umelilisha miaka ishirini nami nimekula humo, na mashine zako uwe nazo, piga harusi, piga vitambulisho, piga hao watoto wa chuo wanaotoa ndimi nje. Lakini kibao cha mlangoni kishushwe kesho, si keshokutwa. Andika jina la Mrunal, andika la mbwa wako. Jina langu lisisimame juu ya nyuso zisizotazamwa.

Vaiju, masanduku matatu ya vioo yaliyo chini ya kitanda hiki ni yako, na kamera ya mbao, na lenzi. Ndivyo vioo pekee vilivyonusurika, kwa sababu nilivilalia. Na nisikilize vizuri, kwa maana hili sijawahi kulisema na hutalisikia tena. Ulipokuwa na miaka kumi na tisa ulikuwa unaingia chumba cha giza unatoa picha iliyo safi kuliko yangu, ndiyo, kuliko yangu, wasikie wote, nami nikasema duka ni la mtoto wa kiume nikakuoza Ichalkaranji. Mwenye jicho nikamwoza, nikampa duka asiye nalo. Sada, usiniangalie hivyo, unalijua. Ulilia siku ya kwanza nilipokukabidhi funguo. Nilikuona. Nikakutwisha mzigo wangu kisha nikakutukana kwa kuubeba vibaya miaka ishirini. Hilo nalo ni langu. Liandikeni.

Deni moja linabaki, nalo ni la Housabai. Utakwenda kwake, Sada, mikono mitupu, ukae chini kwa wale wazee wa talimu wakueleze uso wa Hindurao mpaka uweze kuueleza wewe. Watakutukana. Kaa. Vaiju atafungua yale masanduku kioo kwa kioo, kuna picha za kundi za talimu mle, labda yumo pembeni, labda kichwa chake hakizidi ukubwa wa ukucha. Kama yumo, umtoe na masikio yake, Vaiju, hata awe na ukungu kama asubuhi ya Januari. Housabai atamjua.

Nini, Vaiju? Sema kwa sauti. Unasema unipige picha mimi, kwa kamera ya mbao, bado kuna kioo kimoja kipya kwenye boksi? Mwanangu, hicho kioo kina miaka ishirini na mitano, kimeshakufa kabla yangu, utatoa kijivu kitupu uvishe maua kijivu. Na hata kingekuwa kizima, sitaki. Nimewaza usiku na mchana nimefika hapa: msinitundike. Mtu akija akauliza kwa nini mzee wa picha hana picha, mwambieni aliwakataza, alikuwa mkorofi, na kama anataka kujua alivyokuwa, akae apewe chai aelezwe. Mtalazimika kunijua ndipo mnieleze. Ndiyo maana nimewaambia muweke simu.

Sogea, Sada. Karibu. Zaidi, sitakuuma, meno ninayo manne. Kidevu juu kidogo... una kidevu cha mama yako, bahati yako. Nitazame. Usitazame kama muuguzi. Niambie unaona nini, anza juu.

Kovu, ndiyo. Mlango wa duka, mwaka wa mafuriko. Endelea.

Chunjua. Ina nywele mbili, sema zote. Ndiyo.

Jicho la kushoto limefanya nini?... Dogo kuliko la kulia. Umeishi miaka hamsini na mimi... leo ndiyo umeliona? Hilo ndilo nililokuwa nalifunga nikichungulia. Hilo lingine... halikufanya kazi sana, ndiyo maana lina uchangamfu.

Vaiju, shika mkono wa ndugu yako. Mrunal, njoo nawe, wewe ndiye uliyenitazama wa kwanza. Mungu wetu Mama Ambabai awape... awape macho yasiyo na haraka. Awape watu wa kuwatazama. Duka lisife, nyumba isigawanyike, watoto wenu... wawe na sura mbaya za kwao wenyewe, si nzuri za kuazima. Nimewaachilia. Kila mmoja. Nawe pia, mjinga wewe.

Usigeuke. Sijakwambia ugeuke. Bado mdomo... mdomo hujausema.

Futa machozi, Sada, huoni kitu. Hayo tu ndiyo niliyokuruhusu kufuta.

Haya... Mdomo.